Bahasha ya Valenciennes na Hesabu Mbili za Makombe

Hotuba kwa viongozi wa matawi ya mashabiki wa soka

Waheshimiwa wenyeviti wa matawi, makatibu, waweka hazina, mama zetu wa vikundi vya ushangiliaji na vijana wote mliofika, asalaam aleikum, bwana asifiwe, habari za mchana.

Mmetuomba tuzungumzie jambo ambalo kwenye vijiwe huzungumzwa kwa kelele na bila karatasi: klabu ikithibitika kwamba imedanganya, jina lake linabaki vipi, na shabiki wake anabaki na nini mkononi. Tetesi za ligi zetu tutaziacha mlangoni. Kila msimu kuna mechi tunayoambiwa imenunuliwa, na kila msimu hakuna anayeleta ushahidi. Tutachukua kesi zilizohukumiwa, zenye tarehe, majina na kiasi cha fedha. Kubwa kati yake ni ya klabu ya Ufaransa, Olympique de Marseille, ya mwaka 1993, na tutakaa nayo muda mrefu kwa sababu humo mna karibu kila kitu.

Jumatano, tarehe 19 Mei 1993, Marseille wapo mjini Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa. Kesho yake wana mechi ya ligi na timu ya mji huo, timu inayopigania kutoshuka daraja. Jumatano inayofuata, tarehe 26, wana fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Munich dhidi ya AC Milan. Hofu ya Marseille si kufungwa na Valenciennes. Hofu ni kuumizwa. Timu inayokaribia kushuka inacheza kwa miguu na viwiko, na mshambuliaji mmoja akivunjika kifundo siku sita kabla ya Munich, mipango yote imeharibika.

Basi usiku ule kiungo wa Marseille, Jean-Jacques Eydelie, akawapigia simu wachezaji watatu wa Valenciennes. Aliwafahamu, maana walishakutana kwenye timu walizopitia. Wa kwanza ni Christophe Robert, mshambuliaji. Wa pili ni Jorge Burruchaga, Muargentina yuleyule aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1986. Wa tatu ni beki Jacques Glassmann. Baada ya Eydelie, akaja kwenye simu Jean-Pierre Bernès, meneja mkuu wa Marseille. Ombi lilikuwa jepesi kusema: chezeni taratibu, msituumize. Fedha zilikuwa faranga 250,000, ambazo kwa kiwango kilichowekwa Ufaransa ilipoingia kwenye euro ni kama euro 38,000. Zilitiwa kwenye bahasha, na mke wa Robert akaenda kuichukua kwenye maegesho ya magari ya hoteli walikofikia Marseille.

Hesabuni watu. Rais wa klabu Bernard Tapie, ambaye mahakama ilikuja kumkuta na hatia ya rushwa na ya kujaribu kununua shahidi. Meneja. Mchezaji mpeleka ujumbe. Wachezaji watatu wa upande wa pili. Mke wa mmoja wao. Hao ni watu saba, na mpira bado haujaanza. Wanaopanga matokeo hudhani hatari yao ni mwamuzi au kamera, kumbe ni idadi hii. Kila mtu anayeongezwa ni mdomo mmoja zaidi, na hapa mmoja kati ya saba alikwisha kukataa.

Glassmann alimwambia kocha wake, Boro Primorac. Mechi ikachezwa, Alen Bokšić akafunga mapema kipindi cha kwanza, Robert akatoka akichechemea, na wakati wa mapumziko viongozi wa Valenciennes wakamweleza mwamuzi. Malalamiko yakaandikwa. Marseille wakashinda 1–0. Siku sita baadaye, Munich, Abedi Pele wa Ghana akapiga kona, Basile Boli, beki mzaliwa wa Abidjan, akaruka na kufunga kwa kichwa kabla tu ya mapumziko, na Marseille wakawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kutwaa kombe kubwa la Ulaya. Siku tatu baada ya hapo, tarehe 29 Mei, wakawafunga Paris Saint-Germain (PSG) 3–1 nyumbani na kutangaza ubingwa wa ligi, wa tano mfululizo. Shabiki wa Marseille hakuwahi kuwa na wiki tamu kama ile, kabla wala baada.

Haukupita hata mwezi mzima. Mwishoni mwa Juni Robert akakiri mbele ya hakimu wa uchunguzi, na bahasha ikachimbuliwa kwenye bustani ya jamaa zake kusini-magharibi mwa Ufaransa, fedha zikiwa ndani. Mtu anapokea hongo halafu anaogopa kuitumia. Hilo nalo ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri: fedha za aina hii hazipelekwi benki, hazinunui gari wiki hiyohiyo, zinakaa mahali na kungoja kuonekana.

Sasa tuangalie adhabu, maana hapa ndipo mashabiki wengi huchanganya. Tarehe 6 Septemba 1993 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakawazuia Marseille kutetea kombe la Ulaya. Tarehe 22 Septemba shirikisho la Ufaransa likawafutia ubingwa wa 1992–93. Wakakosa Super Cup ya Ulaya na kombe la mabara, na zote mbili wakaenda Milan badala yao. Mwisho wa msimu wa 1993–94 wakashushwa daraja ingawa uwanjani walimaliza wa pili. Lakini kombe la Munich hawakunyang'anywa. Sababu ni ya kisheria wala si ya huruma: mechi iliyothibitishwa kununuliwa ilikuwa ya ligi ya Ufaransa, na hakuna aliyethibitisha kosa kwenye fainali.

Kwa hiyo chukueni kalamu muone ajabu yake. Mechi ya PSG, 3–1, ambayo hakuna aliyewahi kusema imechezewa, ilifutika pamoja na ubingwa. Kombe la Munich, ambalo hongo ya Valenciennes ililengwa kulilinda, lilibaki. Mtu wa kawaida akisikia hivyo anasema basi hongo ililipa. Sisi hatukubali, na sababu ni hii: kabla ya bahasha, hakuna aliyehitaji kumtetea Boli. Baada ya bahasha, kila anayetaja kichwa kile anaongeza sentensi ya pili. Mwaka 2006 Eydelie mwenyewe alidai gazetini kwamba wachezaji walidungwa sindano kabla ya fainali. Wenzake walikanusha, na halijathibitishwa mpaka leo. Lakini jiulizeni dai kama hilo lingesikilizwa kwa dakika ngapi lingetolewa dhidi ya klabu isiyo na bahasha kwenye historia yake. Udanganyifu wa mechi moja hauli mechi hiyo tu. Unarudi nyuma na kuzila zile safi, na klabu inapoteza haki ya kuaminiwa hata pale inaposema kweli.

Marseille hawakuwa dhaifu. Walikuwa na Barthez, Desailly, Deschamps, Abedi Pele, Völler, Bokšić. Timu ndogo ikihonga, inanunua kitu isichonacho. Timu kubwa ikihonga, inanunua uhakika, na uhakika ndio kitu pekee ambacho soka haliuzi. Ukitaka kujua klabu gani iko hatarini, usiangalie inayofungwa. Angalia ile ambayo viongozi wake wameshaahidi kombe hadharani, wameshakopa kwa ahadi hiyo, na sasa hawawezi kulala usiku wa kuamkia mechi ndogo.

Kikosi kile kilitawanyika. Desailly aliuzwa Milan Novemba 1993, na Mei iliyofuata akafunga kwenye fainali ya Ulaya akiwa na jezi ya wapinzani wake wa Munich. Abedi Pele akaenda Lyon, Bokšić Lazio, Deschamps Juventus, Boli Rangers. Klabu ilishinda daraja la pili mwaka 1995 lakini haikuruhusiwa kupanda kwa sababu ilikuwa imefilisika. Ikabidi icheze msimu mwingine hukohuko na kupanda 1996. Ubingwa wa ligi uliofuata ulikuja 2010. Kijana aliyekuwa na miaka kumi siku ya Munich alikuwa na ishirini na saba.

Mambo mawili kuhusu mashabiki wenyewe, na la kwanza si zuri.

Glassmann, yule aliyekataa fedha, alizomewa viwanja vingi vya Ufaransa alikokwenda kucheza. Aliyehongwa hakuzomewa kama aliyekataa. Timu yake ilishuka daraja msimu uleule, na kazi yake ya soka akaja kuimalizia kwenye kisiwa cha Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi. FIFA wakampa tuzo yao ya uungwana mwaka 1995. Tuzo haimrudishii mtu mkataba. Primorac, kocha aliyesimama naye na kutoa ushahidi kwamba Tapie alimtaka aubebe mzigo wa kosa lile, aliokotwa na Arsène Wenger, akafanya naye kazi Japan na kisha Arsenal kwa miaka mingi. Wenger wakati ule alikuwa kocha wa Monaco, mmoja wa waliokuwa wakikimbizana na Marseille kwenye ligi hiyo, kwa hiyo hakuwa mtazamaji.

Kwa nini shabiki anamzomea msema kweli? Kwa sababu mhongaji amemwibia kitu ambacho bado hakijaonekana kupotea, na msema kweli ndiye aliyefungua mlango akaonyesha kwamba chumba ni kitupu. Hasira inamwendea aliyefungua mlango. Viongozi wa matawi, hili ndilo la kwanza mtakalokutana nalo siku kashfa ikiwafikia. Katika vikundi vyenu vya WhatsApp jina litakalotukanwa mapema kuliko yote litakuwa la mtoa taarifa, na nyumbani kwake kutajulikana kabla ya jua kuzama. Mkishindwa kulizuia hilo, hakuna kingine mtakachozuia.

Jambo la pili ni namna mashabiki wanavyotunza kumbukumbu. Marseille wana nyota ya dhahabu juu ya nembo yao kwa ajili ya 1993. Wana msemo wao, kwamba wao ni wa kwanza milele. PSG walipotwaa kombe hilo kwa mara yao ya kwanza tarehe 31 Mei 2025, kwa 5–0 dhidi ya Inter ya Italia, na tena mjini Munich kama vile makusudi, watu wa Marseille walilirudia neno hilohilo: nyinyi wa pili. Tapie alipofariki Oktoba 2021, jeneza lake liliwekwa kwenye uwanja wa Vélodrome na maelfu wakapita kumuaga, mtu aliyekwenda jela kwa ajili ya klabu hiyo na kwa mikono yake mwenyewe aliishusha. Huu si ujinga. Shabiki hahukumu kwa kanuni za nidhamu. Anapima kwa kile alichopewa, na Tapie aliwapa mji mzima usiku mmoja usiosahaulika. Anachokosa shabiki huyu ni kitu kingine: akikutana na mtani wake, hawezi kusema 1993 peke yake na kunyamaza. Lazima abishane.

Nihamie kwenye lile linalotugusa zaidi huku kwetu: ushindi wa mezani, yaani unaotolewa ofisini na si uwanjani.

Marseille walipofutiwa ubingwa, aliyefuata alikuwa PSG. Wakaukataa. Wamiliki wao walikuwa televisheni ya Canal+, na walihofia wateja wao wa kusini kurudisha ving'amuzi. Ubingwa wa Ufaransa wa 1992–93 mpaka leo hauna mwenyewe. Nafasi ya Ulaya wakaichukua Monaco, wakafika nusu fainali na kufungwa 3–0 na Milan. Hakuna aliyewacheka Monaco kwa hilo, maana nafasi ya kucheza si sawa na kombe la kupokelea ofisini. Tofauti hiyo mashabiki wanaijua bila kufundishwa.

Nasi tuna mfano wetu. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilitolewa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe ya Lubumbashi, mabingwa wa 2009 na 2010, waliotoka kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter miezi michache tu nyuma. Simba wakapeleka malalamiko kuhusu uhalali wa beki Janvier Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunis. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakakubali, Mazembe wakaondolewa. Tuseme wazi kwamba lile ni kosa la usajili, si kuhonga mtu, na mizani yake ni nyingine. Lakini tazameni kilichofuata. Mazembe walikuwa wamekwisha kuwatoa Wydad Casablanca pia, kwa hiyo kukawa na wadai wawili wa kiti kimoja. Simba na Wydad wakapelekwa Cairo kucheza mechi moja, na Wydad wakashinda 3–0, kisha wakasonga hadi fainali. Simba walishinda kesi, wakapoteza mechi. Na Mazembe wakarudi, wakatwaa kombe tena 2015, na leo Lubumbashi hakuna anayehesabu makombe yao kwa mabano. Kosa la karatasi likilipiwa kwa karatasi huisha. Kosa la bahasha haliishi hivyo.

Italia walifanya kinyume cha Wafaransa, na matokeo yake yanaonekana hadi leo.

Mei 2006 magazeti ya Italia yalichapisha mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa na polisi, ya mkurugenzi mkuu wa Juventus, klabu ya mji wa Turin, Luciano Moggi, na watu waliokuwa wakipanga waamuzi, Pierluigi Pairetto na Paolo Bergamo. Hapa hapakuwa na bahasha. Kilichochezewa kilikuwa upangaji wa waamuzi. Kwa utaratibu wa wakati ule, mechi za wiki ziliwekwa kwenye makundi kwa ukubwa wake, waamuzi nao wakawekwa kwenye makundi kwa uzoefu, kisha ikapigwa kura. Ukiwa na sauti kwenye kuamua nani anaingia kundi lipi, kura inabaki kuwa sherehe. Waendesha mashtaka walidai pia kwamba Moggi aligawa laini za simu za nje ya nchi ili mazungumzo yasinaswe.

Udanganyifu wa namna hii ni mbaya kuliko ule wa Valenciennes kwa jambo moja: hauna mechi ya kuinyooshea kidole. Hukumu za kimichezo ziliadhibu mfumo wa ushawishi, hazikusema mchezo fulani wa tarehe fulani ulinunuliwa. Shabiki wa Juventus akashika hapohapo: nionyeshe mechi. Shabiki wa timu nyingine akajibu: zote. Na kwa kuwa wote wawili wana kitu cha kusimamia, ubishi hauna mwisho.

Kombe la Dunia la mwaka ule lilikuwa linaendelea. Fainali ya Berlin, tarehe 9 Julai, iliwakuta uwanjani wachezaji wanane wa Juventus: Buffon, Cannavaro, Zambrotta, Camoranesi na Del Piero kwa Italia, Thuram, Vieira na Trezeguet kwa Ufaransa. Siku tano baadaye hukumu ya kwanza ikatoka. Juventus wakashushwa Serie B, daraja la pili la Italia, wakiwa na pointi 30 pungufu, ambazo rufaa zilipunguza hadi 17, kisha 9. Ubingwa wa 2004–05 ukafutwa na kuachwa wazi. Ule wa 2005–06 wakapewa Inter. Milan, Fiorentina, Lazio na Reggina nao walikatwa pointi kwa viwango tofauti. Milan walibaki na nafasi ya Ulaya na Mei 2007 wakatwaa Ligi ya Mabingwa, jambo ambalo ukimkumbusha mtu wa Turin usisimame karibu.

Cannavaro na Emerson wakaenda Real Madrid, Thuram na Zambrotta Barcelona, Ibrahimović na Vieira wakaenda Inter yenyewe. Del Piero, Buffon, Nedvěd, Trezeguet na Camoranesi wakabaki Juventus kucheza dhidi ya Rimini, Crotone na Frosinone. Kocha wao alikuwa Didier Deschamps, nahodha wa Marseille wa 1993, na ni huyohuyo aliyewarudishia Marseille ubingwa mwaka 2010. Mtu mmoja amebeba mizigo ya nyumba zote mbili na hakuna hukumu iliyomtia hatiani katika kashfa hizo. Wachezaji watano waliobaki wanapendwa Turin kuliko baadhi ya walioleta makombe makubwa zaidi. Hili viongozi wa klabu hawalijui mpaka siku wanapohitaji: wakati wa kashfa, mchezaji anayebaki ana thamani ambayo dirisha la usajili haliwezi kuileta.

Hebu sasa tuone gharama ya kutoa kombe mezani. Shirikisho linahesabu Juventus mataji 36. Klabu na mashabiki wanahesabu 38. Msimu wa 2012–13 waliandika kwenye jezi, chini ya nembo, kwamba wana 30 uwanjani, wakati rasmi walikuwa na 28. Italia kila mataji kumi ni nyota moja kifuani. Inter walipofikisha taji la 20 mwaka 2024 na kushona nyota ya pili, taji la 2006 lilikuwa ndani ya hesabu hiyo, na watani wao wanasema ni nyota ya kasoro moja. Kuongezea chumvi, mwaka 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho aliandika kwamba Inter nao walikuwa na simu za kujibu, lakini muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kwa maoni yetu Wafaransa walifanya vizuri zaidi kuuacha mwaka ule bila jina, hata kama walisukumwa na hofu ya biashara. Kombe likikosa mwenyewe, ugomvi ni na mkosaji peke yake. Likipewa mwingine, ugomvi unakuwa wa watani wawili, wala hakuna anayekumbuka kosa lilikuwa nini.

Sasa kazi yenu.

Habari ikitoka, kitu cha kwanza tawi lijue liko hatua gani: tuhuma, mashtaka, hukumu ya kwanza, au hukumu ya rufaa. Pointi 30 za Juventus zikawa 9. Mtu aliyechoma jezi yake siku ya kwanza alichomea hesabu ambayo haikudumu. Msiandike tamko la tawi kwa kutegemea picha ya skrini. Ombeni klabu kwa barua, yenye nakala na tarehe ya kupokelewa, hukumu nzima na si muhtasari wake, msimamo wa klabu kuhusu rufaa, na majina ya waliosimamishwa kazi. Klabu ikijibu kwa hotuba ya kulaumu maadui bila karatasi hata moja kati ya hizo, mmekwisha kupata jibu.

Msikubali kuchangishwa kwa ajili ya kesi kwenye mahakama za kawaida kabla hamjaelezwa hatari yake. Tapie alikwenda mahakama ya Uswisi Septemba 1993 na kupata amri ya kumrudisha Ulaya. FIFA wakatishia kuifungia Ufaransa nzima, timu ya taifa ikiwemo, na klabu ikaondoa kesi. Juventus walifika mlango huohuo mwaka 2006 wakarudi nyuma. Njia iliyo wazi ni kamati za shirikisho, kisha mahakama ya usuluhishi wa michezo ya Lausanne. Huko kuna gharama na kuna muda wa mwisho wa kuwasilisha, kwa hiyo swali la kumuuliza mwanasheria wa klabu si kama tutashinda, ni tarehe gani dirisha linafungwa.

Kuhusu mtu wenu anayefuatwa na fedha, iwe kipa wa timu ya vijana, mwamuzi wa wilaya au mtunza vifaa: kanuni za nidhamu za FIFA zinamtaka aripoti mara moja, na kukaa kimya nako ni kosa hata kama hakupokea kitu. Aliyepanga matokeo adhabu yake inaanzia miaka mitano nje ya soka na faini ya faranga za Uswisi 100,000. Mwelekezeni aandike usiku huohuo, kabla hajalala: saa ngapi, nani, namba gani ya simu, maneno yaliyosemwa, kiasi kilichotajwa, nani mwingine alikuwepo. Asifute ujumbe, asibadilishe laini, asijifanye amekubali ili amnase mtu. Apeleke kwa shirikisho au kupitia njia ya siri ya kuripoti iliyo kwenye tovuti ya FIFA, na kwa kuwa hongo ni kosa la jinai, kwa chombo cha kupambana na rushwa, TAKUKURU kwa Tanzania au EACC kwa Kenya. Asipeleke kwa mwenyekiti wa tawi peke yake. Tunawaheshimu, lakini Glassmann alisema kwa kocha, klabu ikasema kwa mwamuzi, na mwamuzi akaandika. Maneno yale yasingeandikwa siku ile, bahasha ingekaa ardhini mpaka leo.

Na kuna ukuta wa ofisi ya tawi, ule wenye orodha ya makombe. Klabu ikifutiwa taji, matawi mengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huacha orodha kama ilivyokuwa, au hupaka rangi juu ya mwaka huo. Yote mawili humwachia mtani kazi ya kuwasimulia watoto wenu. Andikeni mwaka, andikeni kwamba taji lilifutwa, tarehe lilipofutwa na kwa kosa gani, kwa herufi za ukubwa uleule wa mataji mengine. Jina la aliyekataa hongo, kama lipo na mwenyewe ameridhia, liwekwe hapohapo.

Vipaza sauti viwili vipo, kimoja kila upande. Tuanze na wajumbe wa matawi ya mikoani, maana basi lao linaondoka saa kumi na moja.